Sura ya Tano: Jiwe la Ivuna, Chuma cha Mbozi, na Asili ya Sayari

Mtu anayesimama Mulekera, komuni mojawapo ya nne zinazofanya mji wa Beni, saa ya magharibi mbingu ikiwa imetakata, yupo mahali ambapo wanafalaki wengi wa Ulaya wangepatamani. Kwa maana mstari wa ikweta unapita kusini kidogo tu ya Butembo, na kwa sababu hiyo njia wanayoifuata Jua, Mwezi na sayari zote hailali kando ya upeo wa macho kama ilalavyo mara nyingi kwa mtu wa Brussels au London, bali husimama karibu wima, ikipanda kutoka Jua lilipotua hadi jirani na utosi, kisha ikishuka upande wa pili. Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zuhali zikitokea kuonekana usiku mmoja, jicho lisilo na chombo chochote laweza kuziunganisha kwa mstari mmoja, na mstari huo ukirefushwa utafika pale pale Jua lilipozama. Sisahau kwamba kwa watu wa Beni usiku umekuwa, tangu mauaji yalipoanza Oktoba 2014, wakati wa hofu na matanga, na kwamba wengi wana sababu ya kufunga milango mapema kuliko kukaa uani wakitazama nyota. Walakini mbingu hii ni yao, na elimu yake ni haki yao kama ilivyo haki ya mtu mwingine yeyote.

Ushahidi wa njia ile moja haupo katika sayari peke yake. Katika nchi za ikweta, pasipo na taa za mji, kabla ya mapambazuko huonekana mashariki nuru hafifu iliyosimama kama mnara, ambayo mafakihi wa Kiislamu waliijua tangu zamani na kuwaonya waumini wasiitegemee kwa sala wala kwa saumu, wakaiita alfajiri kadhibu. Nayo ni nuru ya Jua inayorudishwa na ghubari iliyotandaa katika uwanda ule ule zinamozunguka sayari. Wala watu wa nchi hii hawakuanza jana kuhesabu na kutazama. Mwaka 1950 Jean de Heinzelin, mwanajiolojia wa Ubelgiji, alifukua huko Ishango, pale Mto Semuliki unapotoka katika Ziwa Edward, mfupa mdogo wenye chale zilizopangwa kwa makundi, ambao umri wake hukadiriwa kuwa yapata miaka 20,000, na ambao Alexander Marshack aliusoma kuwa hesabu ya siku za Mwezi. Usomaji huo una wapinzani, nami siuegemei sana, kwa kuwa chale zile zaweza kuwa hesabu ya jambo lolote. Lakini hapana shaka kwamba aliyezikata alikuwa mtu mwenye kupanga na kulinganisha, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya elimu yoyote.

Nadharia yoyote inayodai kueleza asili ya Jua na sayari zake inapasa kujibu maswali mawili kabla ya mengine yote: kwanza, kwa nini sayari hizi huzunguka zote upande mmoja, na karibu katika uwanda mmoja, ilhali hakuna kinachozilazimisha leo kufanya hivyo, na pili, kwa nini zile nne za ndani, yaani Utaridi, Zuhura, Dunia na Mirihi, ni ndogo na za mawe na chuma, na zile za nje, kuanzia Mushtarii, ni kubwa mno na zimejaa hewa na barafu. Mwaka 1749 Buffon wa Ufaransa alifikiri kwamba nyota yenye mkia iliwahi kuligonga Jua na kurusha mavumbi yaliyokuja kuwa sayari, na hiyo ilikuwa nadharia ya ajali. Mwaka 1755 Immanuel Kant wa Königsberg, kabla falsafa yake haijamletea sifa, aliandika kitabu bila kutia jina lake, akadai kwamba mwanzo palikuwa na maada iliyotawanyika katika anga, ikavutana yenyewe kwa yenyewe, ikakusanyika katikati ikawa Jua, na pembeni ikawa sayari. Lakini mchapaji wake alifilisika na kitabu hakikuenea. Laplace, mwanahisabati mkubwa wa Ufaransa, alifikia jambo la namna hiyo kwa njia yake mwenyewe mwaka 1796, akasema kwamba wingu la moto lililozunguka Jua changa lilipoa na kujikunja, na kadiri lilivyojikunja ndivyo lilivyozidi kasi na kubapa, likaacha nyuma yake pete baada ya pete, na kila pete ikajikusanya ikawa sayari.

Dhana hii ya wingu ilitawala karne yote ya kumi na tisa, kisha ikaanguka, na kuanguka kwake ndiko ninakopenda msomaji akae nako kwa utulivu, maana haikuangushwa na chuki wala na mtindo wa zama, bali iliangushwa na hesabu. Kila kitu kinachozunguka kina hazina ya mzunguko, ambayo hukua kwa uzito wake, kwa kasi yake na kwa umbali wake kutoka katikati, na hazina hiyo haipotei ila ihamie kwa kitu kingine. Sasa, Jua limebeba zaidi ya sehemu 99 kwa 100 za uzito wa mfumo wote, lakini halina hata sehemu 1 kwa 100 ya hazina ya mzunguko, ambayo kubwa yake imo katika mwendo wa Mushtarii; na Jua lenyewe linajizungusha kwa uvivu, mara moja kwa siku 25 hivi katika ikweta yake. Lau Jua lingalikuwa limejikunja kutoka wingu kubwa kama alivyosema Laplace, lingepasa kuzunguka kwa kasi ya ajabu. Tena James Clerk Maxwell, katika risala yake ya mwaka 1859 juu ya pete za Zuhali, alionyesha kwamba pete ya namna ile hubaki chembechembe zinazozunguka kila moja kivyake, na hoja yake ikageuzwa kuwa kinga dhidi ya pete za Laplace, kwamba zisingejikusanya ziwe sayari.

Basi wanazuoni wakarudi kwenye ajali. Huko Chicago, mwanzoni mwa karne ya ishirini, Thomas Chamberlin na Forest Moulton walisema kwamba nyota ngeni ilipita karibu na Jua na kuchota maada yake, nayo ikapoa ikawa vijisayari vidogo vilivyogongana na kushikamana. Na huko Uingereza James Jeans, tangu mwaka 1917, na baada yake Harold Jeffreys, wakaeleza kwamba nyota hiyo ilivuta kutoka Jua ulimi mrefu wa moto uliokatika vipande vipande. Vitabu vya Jeans vilisomwa na watu wengi sana, na waliovisoma waliondoka na itikadi nzito, kwamba nyota kukaribiana kiasi hicho ni jambo nadra mno, na kwa hiyo sayari, na pengine uhai wenyewe, ni vitu vya nasibu ambavyo huenda havipo kwingineko katika ulimwengu. Itikadi hiyo ilisimama juu ya msingi dhaifu. Henry Norris Russell alionyesha mwaka 1935 kwamba nyota iliyopita haiwezi kuzipa sayari hazina ya mzunguko zilizo nayo, na mwaka 1939 Lyman Spitzer, akiwa bado kijana, alithibitisha kwa hesabu kwamba maada ya moto iliyochotwa kutoka ndani ya Jua ingetawanyika angani kabla haijapata nafasi ya kupoa na kushikamana. Ajali nayo ikawa batili, na kwa miaka kadhaa elimu hii ikakaa bila nadharia ya kuaminika.

Kilichoirudisha dhana ya wingu ni watu walioikubali hoja iliyoiua wakaitafutia jibu. Hannes Alfvén wa Sweden alieleza mwaka 1942 kwamba Jua changa lilikuwa na nguvu ya sumaku iliyoshikana na hewa yenye umeme iliyolizunguka, na kupitia nguvu hiyo hazina ya mzunguko ilihama kutoka Jua kwenda nje. Nasi leo tunajua kwamba nyota changa huzunguka kwa kasi kubwa, mara nyingi kwa siku chache tu, kisha hupungua kadiri zinavyozeeka na kupuliza upepo wao angani. Carl Friedrich von Weizsäcker wa Ujerumani aliifufua dhana ya Kant mwaka 1944, na huko Moscow Viktor Safronov, kwa kazi ya miaka mingi aliyoikusanya katika kitabu cha mwaka 1969, akaweka hesabu ya namna ghubari inavyoweza kuwa sayari. Kwa Chamberlin na Moulton vilichukuliwa vile vijisayari, na nyota yao ngeni ikaachwa.

Kwa mujibu wa nadharia inayokubaliwa sasa, sehemu ya wingu kubwa la haidrojeni, heli na ghubari, baridi kupita barafu yoyote ya duniani, ilianza kuanguka ndani yake yenyewe kwa uzito wake. Haiwezekani wingu kama hilo kukosa kabisa mzunguko, na lilipojikunja mzunguko wake uliongezeka. Basi maada iliyokuwa ikianguka sambamba na mhimili ilifika katikati bila kizuizi, na ile iliyokuwa pembeni ikashikiliwa na mwendo wake, na wingu likabapa likawa sahani. Katikati palipata uzito na joto, pakawa Jua. Katika sahani chembe za ghubari zilishikana zikawa vijiwe, vijiwe vikawa vijisayari vya kilomita kadhaa, na tangu hapo nguvu ya uvutano ikashika kazi, kikubwa kikimeza kidogo. Hewa haikudumu: sahani kama hizo hupoteza hewa yao kwa miaka milioni chache tu, na sayari yoyote iliyotaka kuwa kubwa kama Mushtarii ililazimika kufanya haraka.

Swali la pili, la mawe ndani na hewa nje, jibu lake laweza kuonekana kwa mfano kutoka Beni yenyewe. Asubuhi baada ya mvua, mawingu yakifunguka upande wa mashariki, Ruwenzori hujionyesha hadi kilele cha Margherita, mita 5,109, na mtu huona wazi kwamba maji yale yale yanayonyesha chini yakiwa mvua hukaa juu yakiwa barafu, na kati ya hali hizo mbili pana mpaka usiohusiana na chochote ila joto. Mpaka huo wa Ruwenzori umepanda sana na barafu imepungua kwa huzuni tangu Mtemi wa Abruzzi wa Italia alipoufikia mlima huo mwaka 1906. Katika sahani ya Jua changa nako kulikuwa na mpaka wa theluji, ukiwa umbali wa mara tatu hivi ya ule ulio kati ya Dunia na Jua, nao pia ulisogea kadiri sahani ilivyopoa. Ndani yake maji yalikuwa mvuke, na kilichoweza kuganda ni mawe na madini tu, ambayo ni sehemu ndogo ya wingu. Nje yake maji yaliganda, na mtaji wa kujengea sayari ukazidi sana. Kiini cha Mushtarii kilikua huko, kikafika uzito wa kuweza kuvuta hewa kabla haijatoweka, kikaivuta kwa pupa. Na sisi wa ndani tukabaki na mawe.

Hadi hapa msomaji anaweza kusema kwamba haya ni masimulizi mazuri yaliyoandikwa na watu ambao hawakuwapo. Shahidi aliyekuwapo yuko, na sehemu bora ya ushahidi wake imeanguka Afrika ya Mashariki. Tarehe 16 Desemba 1938 kimondo kilianguka Ivuna, kusini-mashariki ya Ziwa Rukwa, katika nchi iliyoitwa Tanganyika, na mawe yake yaliyookotwa yalikuwa na uzito wa gramu 705 hivi kwa jumla, yaani hayatimii hata kilo moja. Ni jiwe jeusi, laini, lenye kuvunjika kirahisi, ambalo mtu asiyejua angelipita akidhani ni kaa la moto. Walakini lilipopimwa ilionekana kwamba elementi zake, ukiacha haidrojeni, heli na hewa nyingine nyepesi zilizokimbia, pamoja na lithi ambayo Jua limeiteketeza, zimo kwa viwango vile vile vilivyomo katika Jua lenyewe. Kama katika Jua magnesi na silikoni na chuma zinakaribiana kwa idadi ya atomu, katika jiwe la Ivuna nazo zinakaribiana. Jiwe hilo halijapata kuyeyuka tangu lilipojikusanya. Maji yalipita ndani yake zamani sana, yakageuza madini yake kuwa udongo, lakini hayakubadili hesabu ya elementi zake. Mawe ya namna hii yaliyoonekana yakianguka ni machache mno, na wataalamu wa dunia nzima wameliita kundi lao kwa herufi ya kwanza ya Ivuna, hata mwanafunzi wa Tokyo au wa Houston anayepima kitu chochote cha angani hulinganisha vipimo vyake na kijiji hicho cha mkoa wa Songwe.

Naye wa Tokyo ana sababu ya pekee. Chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilichota vumbi katika kijisayari Ryugu na kulileta duniani tarehe 6 Desemba 2020, gramu 5.4 tu, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2022 vilionyesha kwamba Ryugu ni wa kundi la Ivuna. Jambo hilo lilithibitisha mawili kwa pamoja: kwamba jiwe lile la mwaka 1938 lilitoka kwa kijisayari cha namna hiyo, na kwamba hewa yetu yenye unyevu ilikuwa imeliharibu kidogo tangu lilipotua, kwa kuwa baadhi ya chumvi zilizomo ndani yake hazikuonekana katika vumbi lililokuja limefungwa.

Lakini ajabu niionayo kubwa zaidi ni hii, kwamba katika mkoa huo huo wa Songwe, wilayani Mbozi, juu ya kilima cha Marengi, limelala pande la chuma lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16, ambalo wenyeji walilijua kabla halijatangazwa kwa wageni mwaka 1930. Karibu sehemu 9 kwa 10 za kimondo cha Mbozi ni chuma, na iliyobaki nyingi ni nikeli. Chuma cha namna hii hakiwezi kutokea katika jiwe bichi kama la Ivuna. Hutokea pale kijisayari kizima kinapoyeyuka, chuma kikazama katikati na mawe yakaelea juu, kisha kijisayari hicho kikagongwa na kuvunjwa, moyo wake ukabaki wazi. Ukikata chuma hicho na kukipaka asidi, hujitokeza mistari iliyopishana ya fuwele ambazo haziwezi kukua ila chuma kipoe pole pole mno, kwa mamilioni ya miaka, chini ya blanketi nene la mawe. Mkoa mmoja, basi, umepewa shahidi wa kabla ya moto na shahidi wa baada ya moto. Hali ya kati kati ikatafutwe Mbale, huko Uganda, ambako tarehe 14 Agosti 1992 ilinyesha mvua ya mawe ya angani, kilo 150 hivi zilizookotwa, na kipande kimoja kidogo kilichopunguzwa nguvu na majani ya mgomba kikampiga mtoto kichwani bila kumdhuru. Mawe hayo yalipashwa moto mkali bila kufikia kuyeyuka, na ndani yake zingali zimo duara ndogo ndogo ambazo zilikuwa matone ya mawe yaliyoyeyuka yakielea katika sahani, kabla hazijawa sehemu ya kitu chochote.

Moto huo wa kuyeyusha ulitoka wapi, katika vitu vidogo hivyo visivyo na volkano? Ulitoka katika alumini ya namna 26, ambayo hujigeuza kuwa magnesi na kutoa joto, nusu yake ikiisha kwa miaka 700,000 hivi. Kijisayari kilichojikusanya mapema kiliikuta ingali nyingi, kikayeyuka. Kilichochelewa, tena kikajikusanya mbali penye barafu, kilinusurika.

Umri nao husomwa kwa njia hiyo hiyo ya elementi zinazogeuka, ambazo kubwa yao ni urani iwayo risasi. Na Kongo inaijua urani kuliko nchi nyingi, kwa kuwa mgodi wa Shinkolobwe huko Katanga ulitoa madini yaliyoingia katika mabomu ya kwanza ya atomu. Clair Patterson wa Marekani, akipima risasi iliyomo katika kimondo cha chuma cha Canyon Diablo na katika vimondo vingine, alitangaza mwaka 1956 kwamba Dunia na vimondo vina umri mmoja, miaka bilioni 4.55, na hesabu hiyo haijasogezwa ila kidogo sana. Vipimo vya leo vya chembe nyeupe zilizomo katika kimondo cha Allende, kilichoanguka Mexico tarehe 8 Februari 1969, ambazo ndizo kitu cha kwanza kuganda katika sahani, huzipa miaka milioni 4,567. Kwa muda mfupi zaidi iko saa nyingine: hafini ya namna 182 hugeuka kuwa wolframu, madini yale yale mazito yanayochimbwa Kivu, nusu yake ikiisha kwa miaka milioni 9 hivi. Hafini hupenda mawe na wolframu hupenda chuma, kwa hiyo siku chuma kinapozama katikati huchukua wolframu iliyokwisha kuzaliwa na kuacha nyuma ile ambayo haijazaliwa. Na kwa kupima kilichobaki tunajua kwamba vijisayari vya chuma viliyeyuka katika miaka milioni moja au mbili ya mwanzo, kwamba Mirihi ilikamilika kwa miaka milioni chache, na kwamba kiini cha Dunia kilichukua makumi ya mamilioni. Sehemu ya mwisho ya kazi hiyo, wanavyoona wengi tangu William Hartmann na Donald Davis walipoandika mwaka 1975, ilikuwa mgongano na sayari changa yenye ukubwa wa Mirihi, na mabaki yaliyorushwa ndiyo yaliyokuwa Mwezi.

Tangu mwaka 1983, chombo IRAS kilipoona joto la ghubari lililoizunguka nyota Vega, hatubahatishi tena kuhusu sahani zenyewe. Darubini ya Hubble imeziona kwa wingi katika wingu lililo chini ya mkanda wa Jabari, ambalo watu wa Beni hupitiwa nalo karibu na utosi. Na mwaka 2014 darubini ya ALMA, huko Chile, ilitoa sura ya HL Tauri, nyota changa ya umbali wa miaka ya nuru 450 hivi, ikiwa na sahani iliyochorwa mizingo mieusi kana kwamba kuna kitu kinachoisafisha. Hata hivyo anga halikukubali kila kitu tulichodhani. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari kubwa kama Mushtarii inayoizunguka nyota 51 Pegasi kwa siku 4 tu, ndani kabisa ya mahali ambapo barafu isingeweza kuwako, na ikabidi wanazuoni wakiri kwamba sayari huhama. Mushtarii wetu nao yamkini ulihama. Vimondo vina habari yake: viwango vya isotopu, yaani namna mbalimbali za elementi moja, vinagawanya vimondo vyote mafungu mawili yasiyochanganyika, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2017 vinaonyesha kwamba mafungu hayo yalitengwa katika miaka milioni moja ya kwanza, kwa sababu kiini cha Mushtarii kilikwisha kuwa kikubwa cha kutosha kufunga njia kati ya nje na ndani. Ivuna ni wa nje; Mbale ni wa ndani.

Lipo pia fundo ambalo halijafunguliwa sawasawa. Chembe hushikana kwa urahisi, na vijisayari huvutana kwa urahisi, lakini jiwe la ukubwa wa mita moja halina gundi wala uvutano wa maana, na hewa ya sahani hulipunguza mwendo hadi lianguke katika Jua kwa muda wa karne chache. Andrew Youdin na Jeremy Goodman walieleza mwaka 2005 kwamba vijiwe vikikusanyika kwa wingi huivuta hewa iende navyo, navyo hujikusanya zaidi hadi viporomoke ghafla kuwa kijisayari kizima, vikiruka hatua ile ya mita. Naona maelezo hayo ni bora kuliko yaliyoyatangulia, ingawa yanadai kwanza kuwe na vijiwe vingi vya kutosha mahali pamoja.

Nimalizie na dhahabu, kwa kuwa Butembo ni mji wa wafanyabiashara, na dhahabu inayotoka Manguredjipa na machimbo mengine ya Lubero imepita katika mikono ya wengi wao. Atomu zake hazikutengenezwa duniani wala katika Jua. Zilitengenezwa kabla ya wingu letu kujikunja, na tangu tarehe 17 Agosti 2017, mgongano wa nyota mbili za nyutroni uliposikika na kuonekana kwa pamoja, tunajua angalau tanuru moja ya kutengenezea elementi nzito za namna hiyo. Lakini dhahabu hupenda chuma kuliko wolframu inavyokipenda, na Dunia ilipoyeyuka ilipasa dhahabu yake yote izame katika kiini, kilomita 2,900 chini ya miguu yetu, asibakiwe mchimbaji na hata punje. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba baada ya kiini kujifunga, mabaki ya vijisayari yaliendelea kuanguka juu ya Dunia, yakileta uzito usiotimia sehemu 1 kwa 100 ya sayari nzima, na dhahabu yao, kwa kukosa chuma cha kuizamisha, ikabaki juu katika mawe, hadi maji ya moto ya chini ya ardhi yalipoikusanya katika mishipa ya kwarzi. Yanayobishaniwa sasa ni kama vijisayari hivyo vilitoka ndani ya mpaka wa Mushtarii au nje yake, upande wa Ivuna. Na vipimo vya rutheni, metali ipendayo chuma kama dhahabu, vilivyotangazwa mwaka 2017 vimeelemea upande wa ndani.